Kaniki Kwenye Koo la Lori

Juzi mjukuu wangu Emanueli alinichukua nikaone mashine yake ya kusaga. Ameinunua kwa mtu, kuukuu, na alitaka bibi yake awe wa kwanza kusagiwa. Nikakaa juu ya gunia nje ya kibanda. Mashine ikawaka, ikapanda, ikashuka, ikapanda tena kama mtu mwenye kwikwi, halafu ikatema moshi mweusi na kuzima. Moshi ule ukanifikia. Ninyi wa rika langu mnaujua moshi wa dizeli isiyoungua vizuri, unavyoshika kooni na kukaa kwenye nguo mpaka zifuliwe. Emanueli akasema, "Bibi, sogea kidogo." Nikasogea mpaka nyumbani. Nikaomba daftari la mtoto wa shule, nikakaa nalo. Shule nimesoma mpaka darasa la nne na mkono wangu ni mzito, lakini majina ya watu sijapoteza hata moja, na lipo moja ambalo mimi nilisaidia kulizika likiwa hai.

Tulikaa bondeni, mwendo wa asubuhi nzima kutoka Issuna, nyumba moja hapa, nyingine ng'ambo ya korongo. Baba yangu aliitwa Ntandu. Kwa sababu akina Ntandu walikuwa wengi, watu walimwita Ntandu wa Mizinga. Ng'ombe alikuwa nao wachache, lakini mizinga ilikuwa kila mahali, juu ya miti ambayo sisi watoto hatukuruhusiwa hata kuegemea. Mzinga mmoja ulitoka kwa babu, umekuwa mweusi kwa uzee, na huo baba aliuweka karibu na nyumba, akapita kuusikiliza kila asubuhi kabla hajamsalimia mtu.

Nilimwona mara nyingi akihamisha mzinga. Alingoja jua lishuke, nyuki wote wawe wamerudi. Kisha aliukatia mdomo wa mzinga kipande cha kitambaa, akakisugua nta mpaka kishike, akaziba. Lakini hakuziba chote. Aliacha tundu la vidole viwili. "Nyuki ni kama mtu," aliniambia. "Ukimfungia mlango mwachie pumzi, la sivyo utafika na maiti." Mimi nilikuwa mtoto wa kike, kazi hiyo haikuwa yangu, lakini niliijua kuliko kaka zangu.

Basi likaja neno la kuhama. Watu wote wa bondeni waende barabarani, wakae pamoja, wapate kisima, shule na zahanati. Aliyetuletea neno hilo alikuwa katibu wa kijiji kipya, Bwana Hango, kijana mrefu mwenye filimbi shingoni. Alisema vizuri, na wengi walikubali. Baba alisimama akasema naye atahama, ila aachiwe mpaka maua yaishe, kwa sababu nyuki wakiwa kwenye kazi hawahamishiki.

Katibu akasema, "Ndugu Ntandu, nyuki si wanachama."

"Asali yao ulikula juzi kwangu," baba akajibu. "Uliimaliza na ulikuwa mwanachama."

Watu walicheka mpaka wazee wakashika mbavu. Katibu hakucheka. Alisubiri wanyamaze, akasema pole pole, "Wapo watu wanaovuta nyuma. Tunawajua kwa majina." Tangu siku hiyo mama alianza kumvuta baba nguo kila akitaka kusimama mkutanoni.

Lori lilifika wiki ileile. Mimi sikuwahi kuona lori kwa karibu. Lilikuja na mtu mmoja tu, ambaye alikuwa dereva na alikuwa pia fundi wake: Yeremia Gunda, Mnyiramba wa upande wa Kiomboi, mfupi, mpole, mwenye pengo la jino la mbele. Alimsalimia mama yangu "shikamoo" ingawa walilingana umri, na mama akamcheka akamwambia aache kumzeesha. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Akaliegesha lori kwenye uwanja wetu kwa sababu ndio uliokuwa mpana, na kesho yake angeanza kubeba watu.

Kabla ya kulizima aliliacha lingurume lenyewe kidogo, bila kulikanyaga. Kunguruma huko yeye alikuita silensa. Nami niliposikia ile silensa nilisimama nikiwa na kuni kichwani. Chini ya ule mngurumo kulikuwa na sauti nyingine, nyembamba, ndefu, isiyokatika, ikitoka kwenye bomba lililosimama nyuma ya chumba cha dereva na kupinda kichwa kama shingo ya ndege. Sauti ile niliijua. Ilikuwa sauti ya mzinga uliojaa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo akili yangu ya kitoto ilipopotelea. Siku hiyohiyo asubuhi baba alipitia mzinga wa babu akaukuta mtupu. Nyuki wameondoka wote, wameacha masega. Alikaa chini ya ule mti, mikono juu ya magoti, na uji wake ukapoa. Nilijua kutoka kwake kwamba nyuki wakihama hutafuta uwazi wowote wenye mdomo mdogo, iwe gogo, iwe kichuguu. Na hapa kuna kitu kina mdomo, kimefika leo, na ndani yake wanalia. Nikaunganisha mawili hayo. Nyuki wa babu wameingia ndani ya lori.

Nilifurahi vibaya. Nikafikiri: lori linakwenda kijijini, nasi tunakwenda kijijini, kumbe babu ameshatatua. Kilichobaki ni wasitoke njiani. Kumwambia baba sikutaka, nilitaka ashangae tukifika.

Mama alikuwa ameanika kaniki yake ukutani. Nikachukua kisu, nikakata pembe. Nikaisugua nta, nikaisugua sana, kama nilivyoona. Jua lilikuwa linashuka, fundi Yeremia yuko ndani anakula ugali na baba, nasikia wanacheka. Nikapanda kwenye bodi ya lori, nikafika kwenye lile bomba, nikasukumiza kaniki ndani, nikaikandamiza pembeni ishike. Nikaacha tundu la vidole viwili. Nilihakikisha kwa vidole vyangu mwenyewe.

Asubuhi familia ya kwanza kupakiwa ilikuwa ya Mzee Salumu, baba yake Zuhura, rafiki yangu. Walikuwa wameezua nyumba tayari, miti yao iko chini, vilindo vyao, yale mapipa ya magome ya kuwekea mtama, viko pale palipokuwa mlango. Wakapakia kila kitu. Fundi Yeremia akawasha. Lori likawaka, lakini halikunguruma kama jana. Likapanda, likashuka, likapanda, likashuka. Fundi akaweka gia, likaenda hatua kama ishirini, likatoa moshi mweusi uliofunika watu wa nyuma, likatetemeka likazima. Akawasha tena, likafanya vilevile. Lilipofika kwenye kilima kidogo cha korongo likakataa kabisa.

Nilichofikiria mimi ni kwamba nyuki wamekasirika. Hilo ndilo lililonipa hofu, wasije wakamuuma fundi.

Siku hiyo alihangaika na dizeli. Alisema ya mapipa huwa na maji. Akafungua kikombe cha chini kinachochuja dizeli, kweli yakatoka matone ya maji, akafurahi, akapampu kwa mkono mpaka upepo wote ukatoka kwenye mipira. Akawasha. Kupanda na kushuka kulekule. Akachukua bisibisi akaipandisha silensa, lori likanguruma kwa nguvu mpaka mbuzi wakakimbia, watu wakapiga makofi. Akatia gia, likazima. Mzee Salumu alikuwa amekaa juu ya kilindo chake, akasema, "Fundi, hili lori linaringa kama mke wa pili." Hata fundi alicheka. Siku ya kwanza watu bado walikuwa wanacheka.

Siku ya pili aliacha dizeli. Alishika spana ndogo, lori likiwa linawaka, akalegeza bomba la nozeli moja, kile kidude kinachorushia dizeli ndani ya injini, akasikiliza, akakaza, akalegeza jingine. Baba alisimama naye, na mimi nilisimama nyuma ya baba. Fundi akazima, akakaa juu ya gurudumu la akiba.

"Ingekuwa nozeli moja imekufa," alimwambia baba, "nikiilegeza hiyo, sauti haibadiliki, nyingine nikizilegeza inabadilika. Lakini hapa zote sawa. Wote wanaumwa ugonjwa mmoja. Wakiumwa wote nyumbani, unauliza wamekula nini."

"Wamekula dizeli," baba akasema.

"Na hewa. Hii injini, mzee, si kama za malori mengine. Zile zinavuta pumzi zenyewe. Hii haiwezi, ina pampu yake ya kuisukumia hewa, ipo hapa ubavuni. Ndiyo hiyo unayoisikia inalia nyembamba, kama nyuki."

Alisema hivyo kabisa. Kama nyuki.

Wasomaji wangu, nilikuwa na umri wa kama miaka tisa. Leo huyo ni mtoto mdogo, wakati wetu ni mtu anayeachiwa nyumba. Nilielewa pale pale. Hakukuwa na nyuki. Kulikuwa na kaniki ya mama na mashine isiyopata pumzi. Nilichotakiwa kufanya ni kunyoosha kidole kwenye lile bomba. Nilihesabu hatua kutoka nilipokuwa mpaka kwenye goti la fundi, zilikuwa nne. Lakini tangu asubuhi Katibu Hango alikuwa amefika kwa baiskeli, amesimama kivulini na filimbi yake, na nilikuwa nimemsikia akimwambia Mzee Salumu, "Kama kuna mtu ameligusa hili lori, huyo atapanda lori hilihili kwenda Singida mjini, na hatarudi nalo." Akamtazama baba wakati anasema.

Sikunyoosha kidole. Niliondoka nikaenda kuchota maji ambayo hakuna aliyenituma.

Na alasiri hiyo ikanyesha. Mvua ambayo haikuwa na haki ya kunyesha wakati ule, ikanyesha kwa watu walioezua nyumba zao kwa hiari yao wakiamini lori. Zuhura na mama yake walishika ngozi ya ng'ombe juu ya vilindo, ngozi haikutosha. Mtama uliloa. Kwetu nyumba ilikuwa bado ina paa kwa sababu baba alikuwa amekataa kuezua mapema, tukawaingiza ndani wote. Bibi yake Zuhura alikaa karibu na moto wetu anatetemeka, akasema, "Fundi gani huyu." Fundi Yeremia hakuingia. Alikaa chini ya lori.

Siku ya tatu asubuhi alilegeza bomba lote, akaliondoa, akaliweka chini. Akawasha lori likiwa limebaki uchi pale pa kupumulia. Likanguruma. Likanguruma moja kwa moja, halipandi halishuki, na ile sauti nyembamba ikatoka safi kama siku ya kwanza. Watu walisogea. Fundi akazima, akainama, akatia mkono ndani ya bomba mpaka kiwikoni. Pale kwenye kona, mahali ambapo lori lenyewe lilikuwa limeivuta, akaikuta. Akaivuta nje mbele ya watu wote.

Nilikuwa nimesimama karibu na mama. Mama alikuwa amevaa ile kaniki. Pembe yake ilikuwa imekatwa, na mama alikuwa amelala nayo siku mbili akidhani imeliwa na panya.

Fundi Yeremia alikishika kile kitambaa. Akakileta puani. Nilimwona akinusa. Akainua macho, akamtazama baba, akamtazama mama kuanzia usoni kushuka mpaka kwenye pindo, na macho yake yakasimama pale pindoni. Halafu yakanifikia mimi. Hayakukaa sana kwangu. Nimeolewa, nimezaa, nimezika mume, lakini sijatazamwa tena hivyo na mtu.

"Lete hapa," Katibu akasema. "Hiki ni nini? Nani amekitia?"

"Mimi," fundi akasema.

"Wewe vipi?"

"Tambara langu, Ndugu Katibu. La kufutia mikono. Nilisafisha bomba siku niliyofika, nikalisahau ndani." Akalikunja huku anasema, akalitia mfukoni.

"Umelisahau," Katibu akasema.

"Nimelisahau."

"Watu wamekwama siku tatu, mtama wa watu umeloa, kwa sababu fundi wa serikali amesahau tambara."

"Ndivyo ilivyo."

Nilikuwa na pumzi ya kusema neno moja. Mama alinishika bega. Alinishika kwa nguvu mpaka nikajua kwamba ameshajua. Baba alifungua mdomo, mama akamtazama, akaufunga. Tukasimama watu watatu, kila mmoja na mdomo wake, na mtu ambaye hakuwa ndugu yetu akasimama peke yake.

Aliendelea na kazi siku nne nyingine, mpaka watu wote wa bondeni wakahama. Alifanya vizuri, lori halikuzima tena. Safari ya mwisho alibeba mizinga ya baba, yote iliyokuwa na nyuki, akaendesha pole pole kama amebeba mzazi. Baba alimpa kibuyu cha asali, akakataa. Akasema atakula akija kusalimia. Kisha ikaja barua kwamba anaachishwa, dereva mwingine atalichukua lori.

Usiku ule mama aliniita jikoni. Alikuwa ameikata kaniki pembe zote nne zilingane. "Hii ilikatwa na panya," akaniambia. "Umesikia?" Nikasema nimesikia. Hatukulizungumza tena mpaka anakufa.

Ningeishia hapa, ningekuwa na kosa la mtoto mjinga, na huenda ningejisamehe. Lakini pale kijijini, nyumba zikiwa mstari, watoto tukawa wengi kuliko tulivyowahi kuwa, na watoto wengi wakikaa pamoja hawakosi wimbo. Fundi alikuwa ameshaanza kuitwa Tambara na watu wazima waliolowa. Watoto wakatia maneno:

*Fundi Tambara, lori lakohoa,*
*Fundi Tambara, mtama umeloa.*

Waliimba kisimani, wakaimba njiani kwenda shule. Mimi sikuimba. Siku ya pili Zuhura akaniuliza, "Mbona wewe huimbi?" Aliuliza tu, kama watoto wanavyouliza. Lakini alinitazama, na mimi niliona pembe ya kaniki machoni mwake. Nikafungua mdomo nikaimba. Na kwa kuwa niliogopa kwamba kuimba tu hakutoshi, nikaongeza maneno yangu mwenyewe:

*Fundi Tambara, mpeni kaniki,*
*ajifunike, hana rafiki.*

Waliyapenda. Yakawa ndiyo maneno ya kuanzia. Na siku fundi Yeremia alipoondoka kwa miguu kwenda kungoja usafiri, sanduku lake la mbao begani, tulimfuata watoto kama thelathini mpaka nyumba ya mwisho, na aliyekuwa anaanzisha nilikuwa mimi. Hakugeuka hata mara moja. Nilitamani ageuke ili ninyamaze.

Miaka ikapita. Nikaolewa, nikawa na watoto wanne, wa tano mgongoni, tulipokwenda Mitundu na shemeji yangu Daudi kuuza nta. Huko nikasikia kwa mtu wa njiani kwamba kuna fundi Mnyiramba, mzee mwenye pengo, anatengeneza pampu na mashine za kusaga. Nikamwacha Daudi na nta, nikaenda kumtafuta.

Niliuliza duka la kwanza, "Fundi Yeremia Gunda anakaa wapi?" Hawamjui. Duka la pili, hawamjui. Nikamuuliza mama mmoja anayeuza vitumbua, nikamweleza pengo, ufupi, Kiomboi. Akatikisa kichwa. Nilisimama pale nikijua ninachopaswa kusema, na sikutaka kukisema. Mwishoni nikasema, "Huenda mnamwita Tambara."

"Ah, babu Tambara," akasema yule mama. "Si ungesema. Nyumba ya tatu, nyuma ya mashine."

Nilimkuta amechuchumaa mbele ya injini ndogo. Mikono imejaa oili, anajifuta kwa majani makavu. Nilitazama kibanda chote, hakukuwa na kitambaa hata kimoja.

"Shikamoo, fundi Yeremia."

Aliweka spana chini. "Marahaba. Hilo jina umelitoa wapi?"

"Ninalo tangu Issuna. Mimi ni mtoto wa Ntandu wa Mizinga."

Akanitazama, akamtazama mtoto mgongoni, akanisogezea kigoda. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima tangu kwenye duka la kwanza, yote yakapotea. Nikasema tu, "Kile kitambaa nilikitia mimi. Nilidhani kuna nyuki."

"Najua. Kilinuka nta. Katika bonde lile lote nta ilikuwa kwa baba yako." Akafikiri kidogo. "Nyuki sikujua. Nilijiuliza miaka mingi mtoto alikuwa anataka nini. Kumbe nyuki." Akacheka, pengo likaonekana, sasa yako matatu.

"Mbona hukusema, fundi?"

"Niseme mtoto? Katibu asingesikia mtoto, angesikia Ntandu. Baba yako angepelekwa. Mimi nilijua nitatolewa kwenye lori, nikasema lori ni lori, nitapata jingine." Akachukua majani mengine, akafuta kidole kimoja kimoja. "Jina ndilo sikulipigia hesabu. Nilikwenda Manyoni kuomba kazi, lilikuwa limefika. Nikaja huku, likaja nyuma yangu na watu waliokuja kulima tumbaku. Nani atampa injini yake fundi Tambara? Wananipa hivi vidogo."

"Nitakwenda kusema. Nitasema kanisani, nitasema mnadani, wajue."

"Utawaambia nini? Kwamba nilimdanganya Katibu? Watanibadilishia jina, waniite Mwongo. Hili nimeshalizoea, mama." Aliniita mama, mimi ambaye ningeweza kuwa mtoto wake. "Hapana. Kitambaa hakinisumbui. Mtoto ni mtoto."

Mwanangu mgongoni akaanza kulia, nikamtikisa. Fundi akashika spana, akaiweka tena.

"Kuna jambo moja tu," akasema. "Siku ile naondoka, watoto walinifuata wakiimba. Hao wengine walikuwa wanaimba tu, niliwasikia. Lakini kulikuwa na mmoja anaanzisha, wa kike, lile la kaniki. Nikajisemea, huyu ana moyo wa namna gani? Nilitaka kugeuka nimwone, nikaogopa." Akaniangalia sawasawa. "Wewe ulikuwepo siku ile?"

"Sikuwepo," nikasema. "Mama alinifungia ndani."

Mabega yake yakashuka kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Nilijua," akasema. "Nilimwambia hata mke wangu. Nilimwambia, yule wa Ntandu hawezi kuwa yeye."